Mtu wa Nyuma ya Mti

Huyo mtu wa nyuma ya mti mimi namjua kwa jina. Nilimwambia hivyo mjukuu wangu Atupele, akacheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

Ilikuwa Iringa, pale Kihesa alikopanga chumba cha kushonea nguo. Nilikuwa nimekwenda kutibiwa macho. Daktari alinitoa ule utando uliokuwa unanifanya nione dunia kama imefunikwa chandarua, na siku walipofungua bandeji nikaona mpaka uzi wa shuka. Nakwambia ukweli, ukizeeka halafu ukarudishiwa macho, unakuwa mbea. Nilichungulia kila kitu. Nikachungulia mpaka simu ya Atupele, ambayo zamani kwangu ilikuwa kigae tu kinachowaka.

Siku hiyo alikuwa ameiegemeza kwenye cherehani, inaongea yenyewe. Mimi nimekaa kwenye mkeka namenya njegere. Kijana mmoja mle ndani anasimulia siri za sinema fulani ya zamani. Anasema ule mlima wa kioo ulikuwa chumvi iliyomwagiwa maji ikaganda. Anasema lile jitu lilikuwa mtu mfupi kuliko wenzake wote, ila walimsimamisha karibu na mashine ya picha. Anasema kengele kubwa aliyobeba mfua chuma ilikuwa ya maboksi, na mlio wake walipiga kikaango. Njegere zikaanza kunidondoka. Kioo, jitu, kengele. Nikasema jamani, hii si Sinema ya Kengele?

Yule kijana akashusha sauti. Akasema sasa sikilizeni lile la kutisha. Pale mfua chuma anapoweka kengele chini anywe maji mtoni, tazameni kushoto, nyuma. Kuna mtu amesimama chini ya mti, ana kofia. Picha ikigeuka, hayupo. Wengine husema ni mzimu. Wengine husema ni mtu aliyekufa siku ile ile. Hadi leo, akasema, hakuna anayejua ni nani.

"Mimi namjua," nikasema. "Anaitwa Ambakisye, mwana wa Gwakisa. Wa Uyole."

"Bibi! Hii sinema ya Ulaya."

"Najua ni ya Ulaya. Acha hiyo cherehani, mke mwenzangu, nikwambie."

Na wewe unayesoma, vuta kiti. Habari hii sijawahi kuimaliza mbele ya mtu.

Uyole niliyokulia mimi haikuwa hii ya malori na maghala. Barabara ilikuwa ya udongo, na gari likipita tulikuwa na muda wa kutoka jikoni, kulitazama, na kurudi kabla maharage hayajaungua. Wazazi wangu walitoka Rungwe kuja kulima viazi na pareto. Mpaka leo nikisikia harufu ya maua ya pareto yaliyoanikwa, naona miguu yangu mwenyewe imepasuka kwa baridi ya mwezi wa saba, na ukungu umekaa juu ya matuta kama ng'ombe aliyekataa kuamka.

Shule niliishia darasa la nne. Lakini majina, rafiki yangu, majina Mungu alinipa. Mwalimu akisahau daftari la mahudhurio aliniita mimi mbele. Niliwataja watoto wote, na baba zao, na babu zao, na aliyekuwa mgonjwa nikamtaja na ugonjwa wake. Watu wazima wakibishana nani alimzaa nani, walisema mwiteni Tumpe wa viazi. Sikukosea hata mara moja. Shika neno hilo, maana ndilo lililoniingiza matatani.

Jirani yetu alikuwa Mama Asajile. Jina lake la kuzaliwa ni Tusekile. Kila asubuhi nilimpelekea ndoo ya maji ya mfereji, naye alinipa kiazi kilichochomwa kwenye majivu na chumvi kidogo kiganjani, kisha anauliza, "Haya, nipe habari za mji." Namwaga habari zote, nani kazaa, nani kagombana. Alikuwa anacheka kwa mabega, sauti haitoki.

Mume wake ndiye Ambakisye. Aliondoka nikiwa na miaka mitano hivi. Aliuza fahali wa ukoo, akasema anakwenda kutafuta kazi huko kusini kwenye migodi, atarudi na mafahali wawili. Haikuja barua, haikuja salamu. Miaka ikaenda mpaka mtoto wao Asajile akaoa, akamleta nyumbani binti anaitwa Subilaga, na Ambakisye hajulikani alipo.

Sasa ukoo ukachoka. Asubuhi moja nafika na ndoo, namkuta Mzee Andongwisye, kaka yake Ambakisye, amekaa kwenye kigoda cha mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, usimfikirie vibaya. Ila alikuwa mtu anayependa mambo yaishe.

"Shemeji, miaka saba," akasema. "Tumlilie. Hata maiti inachoka kusubiri."

"Mwenye kulia na alie," Tusekile akajibu, hakuinua macho. "Mimi maiti sijaiona."

"Jumamosi. Mgomba umeshafika."

Niligeuka nikauona. Mgomba mchanga, mzima na shina lake na mizizi, umeletwa na gari kutoka Tukuyu, umeegemezwa ukutani kama mgeni. Ukoo wao, mtu akifia asikojulikana, walizika mgomba mahali pake. Mgomba ukishafukiwa, basi. Tusekile angenyolewa nywele, shamba lingegawanywa, na yeye mwenyewe angehamia kwa Andongwisye kuwa mke wa tatu. Siku hiyo alinipa kiazi changu, lakini habari za mji hakuniuliza. Nikala kiazi kile nimesimama.

Alhamisi likaja gari la sinema.

Lilikuwa linakuja mara moja kwa mwaka, baada ya kuvuna. Walifunga kitambaa cheupe kwenye nguzo mbili karibu na soko, mashine ya umeme ikaanza kukoroma, na giza likiingia tu tunaanza. Kwanza walituonyesha namna ya kupanda viazi kwa mstari, sisi tuliozaliwa kwenye viazi. Halafu ndiyo Sinema ya Kengele. Ilikuwa hiyo hiyo kila mwaka, na kila mwaka tulikuja kama mpya.

Mwenye gari alikuwa Bwana Kikoti, Mhehe wa Iringa, mrefu, ana kipaza sauti. Lugha ya sinema hakuna aliyeijua, nadhani hata yeye. Alitufasiria alivyotaka. Mwaka mmoja mfua chuma alikuwa anapeleka kengele kumwamsha mfalme aliyelala miaka mia. Mwaka mwingine alikuwa anaipeleka kwa wakwe iwe mahari. Nasi tukaongeza yetu. Tulisema lile jitu lilipewa ndama mzima kabla ya kila picha, vinginevyo lingewala wazungu. Tulisema ukihesabu milio ya kengele hadi saba bila kupepesa macho, unaota kitu utakachopata. Tulisema mlima ukipasuka, vigae vinaweza kuruka nje. Mtoto mmoja, Lugano wa fundi baiskeli, alikuja amejifunika sinia kichwani, akakaa hivyo sinema nzima. Na yule mtu wa nyuma ya mti tulimjua siku nyingi. Kuna waliosema ni mwizi wa kengele, kuna waliosema ni mlinzi aliyelala amesimama.

Jioni ile Tusekile alikuja kwa sababu Subilaga alimvuta mkono. Walikaa pembeni na wanawake. Mimi nilikuwa mbele yao, chini, na blanketi. Mfua chuma akafika mtoni. Akaweka kengele. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikaiona kofia ya yule mtu imelalia sikio la kulia.

Nataka unielewe. Uso wa Ambakisye sikuukumbuka. Nilikumbuka vitu viwili tu: kofia iliyolalia sikio la kulia, na sauti inayoniita "mwalimu" kwa sababu ya majina yangu. Lakini nyuma yangu nilikuwa namsikia Tusekile anapumua, na nilijua kesho kutwa ni Jumamosi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama! Yule pale! Ni Ambakisye mwana wa Gwakisa!"

Ningekuwa nimesema hivyo tu, wangenipiga kofi yakaisha. Kilichofanya neno likae ni Subilaga. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Akisikia anakuja njiani, anaingia hata kwenye miiba. Jina lake halitaji, na hata neno linalofanana na jina hilo analizunguka. Subilaga alikuwa hajawahi kukutana na baba mkwe, lakini alikuwa amelelewa vizuri. Aliposikia jina tu, alivuta kitenge kichwani, akageuza mgongo, akajikunja nyuma ya mama mkwe wake. Haikuwa kufikiri. Ilikuwa kama mtu anavyotoa mkono kwenye moto.

Wanawake wakaona. Kelele zikaanza. "Mkamwana amejificha!" "Basi ndiye!" Bwana Kikoti akasimamisha mashine, akaambiwa, akarudisha mkanda nyuma. Mara ya pili watu wote wa Uyole walitazama kushoto, mfua chuma akanywa maji yake peke yake. Bibi mmoja mzee, Mama Lwitiko, akasema kwa nguvu, "Ni yeye huyo! Hata Ulaya wenzake wanabeba, yeye amesimama!" Watu wakacheka, na kicheko kile kikapiga muhuri.

Mzee Andongwisye akaja mpaka alipojikunja Subilaga. Akageuka upande kwa heshima, akauliza, "Mkamwana, umemwona nani?"

Chini ya kitenge sauti ikajibu, "Nimemwona ambaye simtazami."

Ungemwuliza nini tena? Mzee angesema si kweli, angekuwa anasema binti huyu anachezea heshima ya ukoo. Akamgeukia Bwana Kikoti, akamwuliza kama mtu wa kwenye picha anaweza kuwa amekufa. Bwana Kikoti akamtazama Tusekile, ambaye machozi yalikuwa yanamtiririka na mabega yanacheka. Akaleta kipaza sauti mdomoni, ingawa mzee alikuwa hatua mbili tu.

"Wazee wangu," akasema, "maiti hasimami chini ya mti."

Jumamosi hakukuwa na kilio. Mgomba ulikuwa bado umeegemea ukuta, mizizi inaanza kukauka. Tusekile akachukua jembe akaupanda nyuma ya jiko, kwenye majivu, pasipofika baridi. Watu wakamwambia mgomba haushiki Uyole. Akasema, "Utashika au hautashika, lakini ndani ya kaburi hauingii."

Na mimi? Mimi nilianza kukonda. Kila asubuhi na ndoo yangu, Tusekile ananisubiri na kiazi. "Haya, wewe mwenye macho. Alikuwa amekonda?" Nikasema hapana mama, amenenepa kidogo. "Ana viatu?" Ana viatu vyeusi. "Koti je?" Na koti. Uongo ni kama kuku, ukifuga mmoja kesho una vifaranga. Yeye alikuwa anaimba akimenya viazi, na mimi nilikuwa nawaza: kama Ambakisye amekufa kweli, nimemnyima mtu kilio chake. Na kwetu maiti ambayo haijaliliwa haitulii. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikajiona nimebeba kengele ile mimi mwenyewe, tena ya chuma.

Mvua za kwanza zikaja. Tulikuwa shambani tunafukia mbegu, likasimama lori la tumbaku kutoka Chunya. Akashuka mtu mwenye kofia. Imelalia sikio la kulia.

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Ninachojua, Subilaga aliliacha jembe likiwa limesimama kwenye udongo akaruka nyuma ya nyumba. Tusekile hakukimbia. Alitembea taratibu, anajifuta mikono kwenye kanga, mpaka akasimama mbele ya mume wake. Mume alikuwa mwembamba kama fito, miguu mitupu. Tusekile akamtazama kutoka juu hadi chini, halafu akanigeukia mimi.

"Tumpe. Ulisema amenenepa."

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na viazi. Watu walishajaa. Mama Lwitiko akauliza kabla hata ya salamu, "Ambakisye, kweli ulikuwa kwenye sinema?" Mzee Andongwisye naye anasubiri. Ambakisye akawatazama wote, akanitazama mimi muda mrefu. Akavua kofia, akakung'uta vumbi.

"Nilisimama tu pale nyuma," akasema. "Waliniambia nisitikisike."

Walicheka, jamani! Walimbeba. Andongwisye mwenyewe alimshika mkono akalia kama mtoto, akatuma watu wakalete kimpumu, pombe yetu ya kienyeji. Fahali wa ukoo hakuna aliyemwuliza siku ile.

Kesho yake alinikuta mferejini. Nikaanza kulia kabla hajasema neno. Akachuchumaa, akaniambia ukweli. Kusini hakuwahi kufika. Miaka yote saba alikuwa Makongolosi, huko Chunya, mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu, anachimba na kuosha mchanga. Dhahabu ilimkataa. Kila mwaka alisema nikipata ya fahali mmoja nitarudi, na kila mwaka aibu ilikua kuliko fahali. Halafu likaja gari la sinema. Mbele ya wachimbaji wote Bwana Kikoti akapaza sauti: tazameni kushoto, yule ni Ambakisye mwana wa Gwakisa wa Uyole, mke wake Tusekile amekataa kumzika, amesema atamsubiri.

"Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo," akaniambia. "Nikasikia jina langu linatoka mbinguni. Nikatazama pale kwenye mti. Nikasema, yule amesimama vizuri kuliko mimi."

"Nilidanganya," nikasema. "Sikukujua. Niliona kofia."

"Ndaga fijo, mwalimu," akasema. Ahsante sana. "Mtu akipotea, njia anaikumbuka. Kinachomshinda ni kuingia mlangoni, maana watamwuliza anatoka wapi. Wewe ulinipa mahali pa kutokea."

Tusekile alijua, nadhani. Mke hakosi kujua. Siku moja alinipa viazi viwili badala ya kimoja, akasema, "Kimoja ni cha viatu vyeusi." Akacheka kwa mabega. Hatukuizungumza tena.

Mwaka uliofuata Bwana Kikoti alipokuja, Ambakisye na mke wake waliwekewa benchi mbele. Sinema ikifika mtoni watu wanapiga makofi, naye anasimama, anainua kofia. Alifanya hivyo miaka yote mpaka gari likaacha kuja. Watoto walikuwa wanatoka Igurusi kumwona mtu wa sinema, na alipozeeka alishaanza kuwaambia lile jitu lilikuwa na roho nzuri, walikuwa wanakula pamoja.

Nilipomaliza kusimulia, Atupele alikuwa ameshaacha kucheka muda mrefu. Akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Akachukua simu.

"Bibi, siku hizi picha inasimama. Naikuza, unamwona uso. Nifanye?"

Nikaogopa. Ndiyo, najua hakuwa yeye, aliniambia kwa mdomo wake. Lakini macho yangu haya mapya yalikuwa hayajawahi kuona jambo zito. Nikasema fanya. Akasimamisha, akakuza kwa vidole viwili. Akatokea mzungu mmoja kijana, mfanyakazi tu wa kwenye picha, ameshika ngazi, amesahau kuondoka. Kofia imekaa wima kabisa. Uso wake unaonyesha kwamba amegundua kosa lake sekunde ile ile.

"Pole, Bibi," Atupele akasema.

"Pole ya nini? Maskini, naye alikuwa na mama yake mahali. Sasa iache iende, kwa mwendo wake wa zamani."

Akaiacha. Mfua chuma akaweka kengele chini, akainama mtoni. Na pale kushoto, haraka haraka, akapita Ambakisye mwana wa Gwakisa, kofia imelalia sikio la kulia.

Soko la zamani la Uyole halipo. Pareto hakuna tena, kitambaa cheupe sijui kilioza wapi, na mfereji uko chini ya nyumba za watu. Tusekile na Ambakisye wamelala pamoja, na walililiwa vizuri, kila mmoja kwa zamu yake. Mama Lwitiko hayupo. Lugano wa sinia hayupo. Subilaga yupo, mzee kama mimi, haoni vizuri, nitamshawishi naye aje Iringa kwa daktari. Mgomba nao upo. Ulishika. Miaka ya kwanza baridi iliuchoma majani kila Julai, ukawa unarudi. Vichipukizi vyake nimepanda hata kwangu, na ndizi zake ni ndogo, lakini zinaliwa.

Kabla hatujazima, Atupele akanionyesha kwamba chini ya yule kijana watu wanaandika maneno yao. Wanabishana. Mzimu, mwizi, marehemu. Nikamwambia na sisi tuandike. Akauliza niandike nini, nikamtajia polepole, herufi kwa herufi, asikosee: Huyo ni Ambakisye mwana wa Gwakisa, wa Uyole. Hakufa. Alirudi nyumbani na mvua za kwanza.

Akabonyeza, likaenda. Nikachukua njegere zangu. Huwezi jua, pengine huko Makongolosi nako kuna mtu amekaa kwenye ndoo, ana simu.